Vidole Themanini

Kesho tukirudi kambini utavishwa tepe, Sunniva,
na kanali atakusomea karatasi ya wajibu,
vifungu kumi na vinne, kila kimoja na mhuri wake.
Simama wima. Piga saluti. Itikia.
Kisha ikunje, uipachike chini ya meza ya bwalo,
ile inayoyumba.

Kazi yenyewe ni miguu.

Saa tano usiku, pumzi zikiganda kwenye dari la hema,
jiko la mafuta ya taa likikohoa katikati,
utasema: vueni soksi.
Watanuna. Wana miaka kumi na tisa, wamechoka hoi.
Shika kila wayo kwa mikono miwili,
bonyeza, achia, ngoja wekundu urudi.
Askari wanane, vidole themanini.
Usihesabu vichwa ukazidisha.
Hesabu vidole.

Mchana utakuwa bawaba:
mlango unafunguka huku na huku, wewe ndiwe unayelia.
Luteni Aasgård, mwenye ramani isiyo na kunjo hata moja,
atasema tukate katikati ya ziwa,
nawe unajua barafu ya Aprili kwenye mdomo wa mto
ina ahadi za mlevi.
Usimbishie mbele ya vijana.
Mvute kando, mmiminie kahawa, mwambie:
"Mkuu, hebu nionyeshe tena."
Ataona mwenyewe. Akitangaza njia mpya, ni yake.
Asipoona, rudia,
mara hii bila kahawa.

Utakula mwisho. Usijione mwema:
sufuria ikipunguka, apungukiwe aliyepima.
Risasi moja ikikosekana, nyote mtapapasa theluji,
na magoti yako yatangulie.
Marja wa Karasjok anaijua theluji kuliko mimi na wewe;
muulize, cheo hakitachubuka.
Na Njål akianza kucheka sana, kaa naye.
Kwao kuna jambo.

Sasa ukurasa wa nyuma, huu nilioubandika gundi.

Februari, usiku wa tatu wa zoezi,
digrii thelathini na nne chini ya sifuri.
Nilikuwa nimechoka, nasema tu, sijitetei.
Nimefika kwa Eskil, tayari yumo ndani ya begi la kulalia.
"Niko sawa, sajini."
Sauti changamfu, kama ya mtu anayepokea simu.
Nikaandika themanini.
Nilikuwa nimeshika sabini.

Asubuhi, viwili vilikuwa na rangi ya mshumaa.

Helikopta ilizuiwa na ukungu hadi saa nane.
Luteni wa wakati ule, mtu mwema, akaninong'oneza:
tuseme soksi za bohari zilikuwa mbovu.
Zilikuwa mbovu kweli.
Nikaandika: *Sikuangalia. Sajini Torleif Brekkan.*
Ndiyo maana mwaka wa sita huu tepe ni zilezile.

Nilikwenda kwao Mo i Rana, basi kisha basi,
nikijipanga njia nzima jinsi ya kupokea matusi.
Mama yake akanikaribisha kahawa,
akaniuliza kama nami nimekula.
Hapo ndipo iliponiingia.

Kila Desemba Eskil hunitumia soksi za sufi, jozi moja,
bila barua.
Ni msamaha au ukumbusho, sijui.
Sijauliza. Ninazivaa.

Basi chukua daftari. Lina doa la mchuzi, nisamehe.
Kanali hatakuuliza habari zake,
wala halimo kwenye vile vifungu.

Ila usiku huu bado ni wangu.
Sogeza taa, koplo.
Usiniambie uko sawa.
Nipe mguu wa kushoto.